Malik Ambar

Malik Ambar (takriban 1548 – Mei 1626) alikuwa jemadari na waziri mkuu wa Usultani wa Ahmadnagar kwenye uwanda wa juu wa Deccan, Uhindi. Alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani akiwa kijana, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa kabla ya kufikishwa Uhindi. Kuanzia mwaka 1600 hadi kufa kwake aliizuia Milki ya Mughal, dola kubwa kuliko zote za Uhindi wakati ule, isiumeze uwanda huo. Ndiye pia mwanzilishi wa mji ambao kwa miaka mingi uliitwa Aurangabad.

Hakuwahi kuwa sultani. Mtu aliyewahi kununuliwa sokoni, asiye na ukoo katika nchi ile, asingekubaliwa kukalia kiti cha enzi, na yeye mwenyewe hakujaribu. Alitawala kwa jina la vijana wa ukoo wa kifalme aliowatawaza yeye. Jambo hilo ndilo lililompa nguvu, na ndilo lililofanya kazi yake isidumu baada yake.

Nchi ya Deccan

Vita vya Malik Ambar havieleweki bila kwanza kuitazama nchi yenyewe. Deccan ni uwanda mkubwa wa juu unaochukua sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Uhindi. Jina lake limetokana na neno la Kisanskrit lenye maana ya kusini. Upande wa magharibi uwanda umekingwa na milima ya Ghat ya Magharibi, ambayo inashuka ghafla kama ukuta kuelekea pwani ya Bahari ya Arabu. Kutoka ukuta huo nchi inainama polepole kuelekea mashariki. Kwa sababu hiyo mito mikubwa kama Godavari, Bhima na Krishna huanzia karibu na bahari ya magharibi lakini huipa mgongo na kusafiri mamia ya kilomita hadi Ghuba ya Bengal.

Sehemu ya kaskazini-magharibi, ambako Ahmadnagar ilikuwa, imefunikwa na matabaka ya mawe meusi ya volkeno yaliyomiminika takriban miaka milioni 66 iliyopita. Mmomonyoko umeyakata matabaka hayo yakawa vilima vyenye vilele bapa na kingo za miamba zilizosimama wima. Kilima cha namna hiyo ni ngome nusu iliyojengwa tayari. Mtu akizungushia ukuta kileleni na kuchimba birika la maji, jeshi dogo linaweza kukaa humo miezi mingi. Daulatabad ni mfano unaojulikana zaidi, lakini zipo nyingine nyingi.

Mvua ndiyo shida. Pepo za masika huleta maji kutoka baharini na kuyamwaga karibu yote upande wa pwani, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Nyuma ya milima, Ahmadnagar hupata milimita 600 hivi, na miaka mingine hata hizo hazifiki. Udongo mweusi wa huko hutunza unyevu vizuri na hustawisha pamba na mtama, ila jeshi kubwa lenye farasi, tembo na ng'ombe wa mizigo haliwezi kupata maji na malisho popote linapotaka. Anayejua visima viko wapi ana silaha isiyoonekana.

Wakulima na wapanda farasi wa eneo hilo walikuwa hasa Wamaratha, wasemaji wa Kimarathi na wafuasi wa dini ya Uhindu. Watawala walikuwa Waislamu. Usultani wa Bahmani, uliotawala Deccan tangu karne ya 14, ulivunjika mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16 na kuzaa masultani watano. Watatu wanahusika hapa: Ahmadnagar iliyokuwa chini ya ukoo wa Nizam Shahi, Bijapur chini ya Adil Shahi, na Golconda chini ya Qutb Shahi. Katika mahakama za wafalme hao kulikuwa na makundi mawili yaliyochukiana. Kundi moja lilikuwa la wageni kutoka ng'ambo ya bahari, hasa Waajemi, Waturuki na Waarabu. Jingine lilikuwa la Wadakhni, yaani Waislamu waliokwisha kuwa wenyeji. Wahabeshi walisimama zaidi na Wadakhni, kwa kuwa tofauti na Waajemi hawakuwa na kwao pa kurudi.

Utumwa na safari ya kufika Uhindi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chapu. Hivyo ndivyo anavyotajwa na Pieter van den Broecke, mfanyabiashara Mholanzi aliyekutana naye mwaka 1617. Mholanzi huyo aliandika pia kwamba kijana huyo aliuzwa Mokha, bandari ya Yemen, kwa gilda 80.

Watumwa wa Ethiopia walipelekwa ng'ambo ya Bahari ya Shamu kwa wingi katika karne ya 16, na sehemu ya malipo ilikuwa vitambaa vya pamba vilivyofumwa Uhindi. Kwa hiyo njia iliyompeleka Chapu mashariki ilikuwa njia ileile iliyoleta nguo Afrika. Msomaji wa Kiswahili asichanganye njia hii na ile ya pwani ya Zanzibar na Kilwa. Ambar hakutoka Uswahilini, ingawa waandishi wengine humwita tu Mwafrika wa mashariki bila kufafanua.

Kutoka Uarabuni alifikishwa Baghdad, akanunuliwa na mfanyabiashara Mir Qasim al-Baghdadi. Bwana huyo aliona akili yake, akamsomesha, akamsilimisha na kumpa jina Ambar. Wenye watumwa walipenda kuwaita kwa majina ya vitu vya thamani, kama vile Yakuti, Kafuri na Marijani. Ambar ni ambari ileile ya kufukizia tunayoijua pwani. Kumpa mtu jina la bidhaa ni jambo la kutafakari, hata kama bidhaa yenyewe inanukia vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1570 Ambar aliletwa Deccan na kununuliwa na Chingiz Khan, waziri mkuu wa Ahmadnagar. Chingiz Khan naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa, na alimiliki Wahabeshi wapatao 1,000. Utumwa huu ulikuwa wa kijeshi. Mtumwa alifundishwa farasi, upinde na panga, alilishwa na kuvishwa na bwana wake, na alitarajiwa kumpigania. Thamani yake ilikuwa katika upweke wake: hakuwa na baba, mjomba wala ukoo nchini ambao ungemvuta upande mwingine. Neno letu mamluki lina asili moja na neno la Kiarabu lililotumika kwa watumwa wa aina hiyo. Bwana akifa, mara nyingi waliachwa huru na kuwa askari wa kulipwa, na wengine walipanda hadi ukamanda. Watoto wao walizaliwa huru na kuoa wenyeji, hivyo hapakuwa na tabaka la watumwa la kudumu. Ndiyo maana masultani waliendelea kuagiza wapya kutoka Afrika.

Chingiz Khan alikufa katikati ya miaka ya 1570, na mjane wake akamwacha Ambar huru. Ambar alioa mwanamke aitwaye Karima. Miaka 20 iliyofuata aliitumia kama askari wa kukodiwa, hasa Bijapur, ambako alipewa kikosi kidogo na cheo cha Malik. Mwaka 1595, akiwa na umri wa miaka 47 hivi, aliona Bijapur haimpi fungu la kutosha, akaondoka na wapanda farasi 150 na kurudi Ahmadnagar. Huko alijiunga na kamanda Mhabeshi Abhang Khan. Kama angefariki mwaka huo, hakuna kitabu ambacho kingemtaja.

Kuanguka kwa Ahmadnagar

Alirudi wakati mbaya. Mfalme Akbar wa Mughal alikwisha kuishika Uhindi ya kaskazini na sasa alitaka Deccan. Mwishoni mwa 1595 jeshi lake chini ya mwanamfalme Murad liliuhusuru mji wa Ahmadnagar. Wenye vyeo mjini waligawanyika makundi, kila kundi na mtoto wake wa kifalme. Aliyeshikilia ulinzi ni Chand Bibi, binti wa ukoo wa Nizam Shahi na mjane wa sultani wa Bijapur. Mwaka 1596 alipata amani kwa kuitoa jimbo la Berar. Amani haikudumu. Mwaka 1600 Wamughal walirudi, na Chand Bibi aliuawa na watu wa upande wake mwenyewe walioamini kwamba anataka kusalimu amri. Agosti mwaka huo ngome ilianguka, na sultani mtoto akapelekwa kufungwa katika ngome ya Gwalior.

Kwa hesabu za Akbar, Ahmadnagar ilikwisha. Lakini Wamughal walikuwa wameushika mji na viunga vyake tu. Vilima, vijiji na ngome zilizobaki hazikuwa na mwenyewe, na maelfu ya askari hawakuwa na bwana. Ambar aliwakusanya. Katika mwaka 1600 huohuo alimpata kijana wa ukoo wa Nizam Shahi aliyekuwa akiishi Bijapur, akamwoza binti yake na kumtawaza katika ngome ya Paranda kwa jina la Murtaza Nizam Shah II. Yeye mwenyewe akawa waziri wake mkuu. Mtumwa wa zamani alikuwa sasa baba mkwe wa sultani.

Hakukubaliwa na wote. Jemadari mwingine, Raju Dakhni, alishika eneo la Daulatabad na Nasik na kupingana naye kwa miaka kadhaa. Mwaka 1602 Ambar alipigwa karibu na Nanded na Mirza Iraj, mwana wa jemadari mkuu wa Mughal Abdur Rahim Khan-i-Khanan. Alijeruhiwa na angetekwa kama askari wake wasingembeba kutoka uwanjani. Khan-i-Khanan, ambaye alimheshimu, aliona ni heri kupatana naye kuhusu mipaka. Ambar alitumia nafasi hiyo kummaliza Raju mnamo 1607, akauhamishia mji mkuu Junnar, kisha Daulatabad.

Vita vya kuviziana

Jeshi la Mughal lilikuwa la kutisha katika uwanja wa wazi. Lilikuwa na mizinga, tembo, wapanda farasi wenye deraya, na nyuma yake kambi nzito iliyosafiri kama mji mzima. Ambar alijua kwamba akilikabili ana kwa ana atashindwa. Mbinu yake ilikuwa kuliacha lipande uwandani, lipite milima, lifike mbali na ghala zake, kisha alinyime chakula.

Kazi hiyo ilifanywa na Wamaratha. Walipanda farasi wadogo waliozoea mawe na kiu, walibeba chakula kidogo, na walikijua kila kipito. Walishambulia misafara ya nafaka, walichoma malisho, waliwaua wakata nyasi, walipiga usiku na kutawanyika kabla ya mizinga kuelekezwa. Kamanda wa Mughal aliyewafuata alivutwa kwenye mabonde na magenge. Aliyekaa aliona njaa. Mbinu yenyewe haikubuniwa na Ambar, kwa sababu vikosi vya namna hiyo vilikuwako Deccan kabla yake. Alichofanya ni kuifanya kuwa msingi wa vita vyote na kuwapa Wamaratha nafasi na mapato ambayo hawakuwahi kuyapata. Mwingereza William Finch, aliyekuwa Uhindi wakati huo, alikadiria jeshi lake kuwa na Wahabeshi 10,000 na watu wa Deccan 40,000. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya jeshi la Mhabeshi huyu ilikuwa ya wenyeji.

Mwaka 1608 mfalme Jahangir, mwana wa Akbar, alimtuma Khan-i-Khanan amalize kazi. Jeshi lake lilichoshwa na njaa, likarudi kwa aibu hadi Burhanpur, na mwaka 1610 Ambar aliirudisha ngome ya Ahmadnagar. Mwaka uliofuata Jahangir alipanga majeshi mawili yamkamate katikati, moja kutoka Gujarat chini ya Abdullah Khan na jingine kutoka Berar. Abdullah Khan alitaka sifa iwe yake peke yake, akaharakisha kuvuka milima bila kuwangoja wenzake. Wamaratha walimzunguka siku baada ya siku hadi akageuka, na jeshi la pili lilipopata habari likarudi pia.

Jahangir alimchukia Ambar hasa. Katika kumbukumbu zake mara nyingi anapomtaja hutaja weusi wake kwa dharau. Mnamo 1616 mchoraji wake Abu'l Hasan alimchorea picha akiwa amesimama juu ya dunia, akilenga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini. Picha hiyo iko Dublin hadi leo. Ni picha ya jambo ambalo halikutokea: Jahangir hakuwahi kumtia Ambar mikononi.

Kushindwa na kusimama tena

Isidhaniwe kwamba Ambar alishinda siku zote. Vitabu vingine vya kumsifu huruka miaka ya 1616 hadi 1621, nayo ndiyo inayoonyesha ugumu wa hali yake. Utiifu wa makamanda wake ulitegemea mapato waliyogawiwa, na Wamughal walikuwa na fedha nyingi zaidi. Mwaka 1616 baadhi yao, Wamaratha na Wahabeshi, walihamia upande wa pili. Mwezi Februari alipigwa vibaya huko Roshangaon na Mirza Iraj yuleyule wa mwaka 1602, ambaye sasa aliitwa Shah Nawaz Khan. Mji wake mpya wa Khadki ukaharibiwa.

Mwaka 1617 mwanamfalme Khurram alikuja na jeshi kubwa, na Ambar akalazimika kurudisha funguo za Ahmadnagar. Kwa kazi hiyo Khurram alipewa na baba yake jina la Shah Jahan, jina ambalo dunia inamjua nalo kama mjenzi wa Taj Mahal. Baada ya kuondoka kwake, Ambar aliuvunja mkataba. Shah Jahan alirudi, na Khadki ikabomolewa tena mwaka 1621. Safari hii masultani watatu wa Deccan walitozwa rupia milioni 5 kwa pamoja, na sehemu ya Ahmadnagar ilikuwa ndogo kuliko za wenzake.

Kisha gurudumu liligeuka. Shah Jahan alimwasi baba yake na kuwa mkimbizi, na aliyempokea Deccan hatimaye ni Ambar. Wakati huohuo Bijapur ilijiunga na Wamughal. Mwaka 1624 majeshi ya pande hizo mbili yalimfuata Ambar, naye akarudi nyuma hadi kijiji cha Bhatvadi karibu na Ahmadnagar. Hapo alibomoa ukingo wa bwawa, na maji yakageuza udongo mweusi kuwa tope lililozuia mizinga na farasi wa adui. Kwa wiki kadhaa aliwashambulia usiku, na askari wenye njaa wakaanza kutoroka. Kisha akapiga kwa nguvu zote. Jemadari wa Bijapur, Mulla Muhammad Lari, aliuawa, na makamanda kadhaa wa Mughal walitekwa. Upande wa Ambar alipigana Mmaratha kijana aitwaye Shahaji Bhonsle, na ndugu yake Sharifji alifia hapo. Baada ya ushindi Ambar alivamia Bijapur na kuubomoa mji wa Nauraspur, fahari ya sultani Ibrahim Adil Shah II. Alikuwa na miaka 76 hivi.

Utawala

Mwaka 1610 ulitia doa ambalo haifai kulifunika. Sultani Murtaza II alikwisha kuwa mtu mzima na kuchoka kuwa kivuli. Ndani ya nyumba ya kifalme mke wake mwenye asili ya Uajemi aligombana na binti wa Ambar na kumtukana kwa asili yake ya utumwa. Ambar alimuua sultani na mke huyo kwa sumu, akamtawaza mtoto wa miaka 5, Burhan Nizam Shah III. Hakuna sultani aliyemsumbua tena.

Kwa wakulima, hata hivyo, utawala wake ulikumbukwa kwa jambo jingine. Kabla yake serikali iliuza haki ya kukusanya kodi kwa matajiri, nao walikamua vijiji ili warudishe fedha zao na faida. Ambar alifuta utaratibu huo. Ardhi iligawanywa kwa ubora wake, na kodi ikakadiriwa kwa kutazama mavuno halisi ya misimu kadhaa. Fungu la serikali lilikuwa sehemu 2 kati ya 5 za mavuno, baadaye likabadilishwa kuwa fedha kwa kiwango kilichokaribia theluthi moja. Wakuu wa vijiji walirudishiwa madaraka ya kurithi, na hesabu ziliandikwa na Wabrahmani. Theluthi si kodi ndogo. Lakini katika nchi ya mvua za kubahatisha, kodi inayofuata mavuno ni tofauti sana na kodi isiyojali kama mtama ulikauka shambani. Van den Broecke aliyevuka eneo hilo aliona pia kwamba njia zake zilikuwa salama kwa wasafiri.

Mji wa Khadki na maji yake

Mnamo 1610 Ambar alianzisha mji mkuu mpya mahali palipokuwa na kijiji cha Khadki, kilomita 15 hivi kutoka Daulatabad. Jina hilo kwa Kimarathi linahusiana na miamba, na mahali penyewe pako hivyo. Alijenga humo jumba la kifalme la Naukhanda, msikiti uitwao Kali Masjid kwa sababu ya mawe yake meusi, na lango kubwa la Bhadkal linaloadhimisha ushindi wake juu ya Wamughal.

Kazi kubwa zaidi iko chini ya ardhi. Mto unaopita mjini ni mdogo na hukaribia kukauka wakati wa kiangazi, kwa hiyo usingeweza kulisha jeshi na raia. Lakini upande wa kaskazini kuna vilima, na maji ya mvua yanayozama huko hukaa katika nyufa za mawe ya volkeno. Mafundi wa Ambar walichimba mfereji wa chini kwa chini kwenye bonde, maji yakachujika na kuingia yenyewe, kisha yakateremka hadi mjini kwa mteremko tu bila kuvutwa na mnyama wala mashine. Ndani ya mji yaligawanywa kwa mabomba ya udongo hadi kwenye mabirika ya mitaani, na njiani vilijengwa vinara vya mawe vya kutoa hewa na kupunguza msukumo usipasue mabomba. Mfereji huo uitwao Nahr-i-Ambari ulikamilika takriban 1617. Watawala waliofuata waliongeza mingine, na kinu maarufu cha Panchakki ambacho watalii huonyeshwa ni cha wakati huo wa baadaye, si cha Ambar. Mfereji wake uliendelea kutoa maji kwa zaidi ya miaka 300.

Mji wenyewe umebadilishwa majina mara kwa mara. Mwana wa Ambar aliuita Fatehnagar. Mwaka 1653 Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan, aliuita Aurangabad kwa jina lake. Tangu 2023 unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar, kwa heshima ya mfalme Mmaratha aliyeuawa na Aurangzeb.

Kifo na yaliyofuata

Malik Ambar alifariki Mei 1626 akiwa na miaka karibu 80. Nchi yake ilikuwa huru bado. Mutamad Khan, mwandishi wa mahakama ya Jahangir, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea, aliandika habari za kifo hicho kwa sifa nyingi, akikiri kwamba hakuna Mhabeshi mwingine katika historia aliyefikia daraja lake. Jahangir alimfuata kaburini mwaka uliofuata.

Mwanawe Fateh Khan alirithi cheo bila kurithi kipaji. Sultani Burhan, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alimfunga, kisha akamtoa, na Fateh Khan akamuua. Mwaka 1633 aliitoa ngome ya Daulatabad kwa Wamughal ili apate malipo. Shahaji Bhonsle alijaribu kufanya kama Ambar kwa kumtawaza mtoto mwingine wa Nizam Shahi, lakini mwaka 1636 Mughal na Bijapur waligawana usultani na jina la Ahmadnagar likafutika. Ilikuwa miaka 10 tu tangu Ambar afe.

Wamaratha, hata hivyo, walikuwa wamefundishwa kazi. Shivaji, mwana wa Shahaji, alianzisha dola ya Wamaratha katika milima ileile kwa mbinu zilezile za ngome na wapanda farasi wepesi, na Aurangzeb alitumia robo karne ya mwisho ya maisha yake akiwafukuza Wamaratha Deccan bila kuwamaliza.

Wahabeshi wengine walishika kisiwa cha ngome cha Janjira kwenye pwani ya Konkan, ambacho Wamaratha walikihusuru mara nyingi bila kukiteka, na ukoo wao ulitawala hapo hadi Uhindi ilipopata uhuru. Watu wenye asili ya Afrika nchini Uhindi huitwa Wasiddi, na leo wanaishi hasa Gujarat, Karnataka na Hyderabad. Wengi wa Gujarat wana mizizi ya pwani yetu, na mchezo wao wa kidini huitwa goma, jina lisilohitaji kutafsiriwa kwa msemaji wa Kiswahili.

Kaburi la Malik Ambar liko Khuldabad, kilomita chache kutoka mapango ya Ellora, ndani ya jengo la kuba alilolijenga akiwa hai karibu na ziara za mashehe wa Kisufi. Kaburi la mkewe liko jirani. Katika mji huohuo mdogo, mwaka 1707, alizikwa pia Aurangzeb, kwenye kaburi la wazi lisilo na kuba.